Betri Katika Njia ya Misafara: Historia ya Umeme wa Jua Nje ya Gridi Mkoani Tabora

Utangulizi

Historia ya Tabora imezoeleka kusimuliwa kama historia ya mwendo. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikavuka Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Hata hivyo, thamani ya Tabora katika karne ya 19 haikutokana na mwendo peke yake. Mji huu ulikuwa mahali pa akiba. Hapo misafara ilipumzika, ikabadilisha wapagazi, ikanunua nafaka, na ikahifadhi nguo, shanga na pembe za ndovu hadi njia ya mbele ilipokuwa salama. Msafara uliokosa akiba haukufika mbali, hata ukiwa na wapagazi hodari wa Kinyamwezi.

Insha hii inatumia mtazamo huo kuchunguza umeme wa jua katika maeneo yasiyofikiwa na gridi. Taarifa nyingi za miradi huhesabu paneli zilizofungwa juu ya mapaa. Lakini jua likishazama, paneli haina la kutoa, na kinachoamua kama taa itawaka ni betri. Hoja kuu ni kwamba historia ya umeme huu haina budi kuanzia kwenye betri: nani aliinunua, nani aliitunza, na ilipokufa ilikwenda wapi.

Njia, reli na waya

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa sehemu kubwa ilifuata mwelekeo wa njia ya misafara, na ikarithi tabia yake: neema ilikaa kandokando ya mstari. Urambo na Kaliua zilipata stesheni na zikakua, ilhali vijiji vya ndani ya miombo vilibaki mbali na huduma. Waya wa umeme ulifuata mantiki ileile. Hata Kigoma, mwisho wa reli, ilitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi.

Wazo la kupata umeme bila kusubiri mstari si geni nchini. Agosti 1977 ilifanyika Dar es Salaam warsha kuhusu nishati ya jua kwa vijiji vya Tanzania, iliyowakutanisha wanasayansi wa Tanzania na wa Marekani. Katika miaka ya 1990, kituo cha KARADEA huko Karagwe, mkoani Kagera, kilifundisha mafundi wa kufunga na kutunza mifumo hiyo. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini ukaanza kazi mwaka 2007. Tangu hapo gridi imesogea sana, lakini kipimo chake kinahitaji uangalifu. Serikali huhesabu vijiji 12,318 na vitongoji 64,359 Tanzania Bara. Kufikisha waya kijijini si kuufikisha katika kila kitongoji, na pengo hilo ndilo makazi ya umeme wa jua.

Kipimo cha betri

Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200 kwa hesabu ya karatasi. Kwa betri ya risasi na asidi, hesabu ya matumizi ni nyingine: ikikamuliwa mara kwa mara kupita nusu, maisha yake hufupika. Mwenye nyumba basi ana wati-saa 600 tu. Taa 4 za wati 5 zikiwaka saa 5 hutumia wati-saa 100, na televisheni ya wati 40 kwa saa 4 hutumia 160. Jumla ni 260, kiasi ambacho betri hiyo inakimudu kwa usiku mbili hata jua lisipotoka. Ikiongezwa pasi au jokofu la kawaida, hesabu yote huvurugika.

Tabora ina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Paneli iliyotosha mwezi Agosti inaweza kupungukiwa mwezi Januari, kwa hiyo mfumo hupimwa kwa mwezi mbaya, si kwa mwezi mzuri. Makosa mengine ni ya matumizi: kununua betri ya gari kwa sababu ni rahisi, ingawa imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, kuongeza maji ya kisima badala ya maji ya betri, na kuunganisha nyaya moja kwa moja ili kuikwepa chaji kontrola inapokata umeme. Kontrola hukata ili kuilinda betri, lakini kwa asiyeelezwa hilo, kukata ni ubovu.

Zahanati huonja uchungu huu zaidi. Mara nyingi mradi hugharimia ufungaji, ilhali betri mpya, inayohitajika baada ya miaka michache, huachiwa bajeti isiyo na fungu lake. Paneli hubaki juu ya paa na katika takwimu, huku mkunga akizalisha kwa tochi ya simu.

Safari ya risasi

Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilijengwa reli ya tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda, kwa ajili hasa ya mgodi wa risasi wa Uruwira. Madini yalisafirishwa kwa reli hiyo hadi pwani, na mgodi ukafungwa mwaka 1960. Leo risasi huingia katika ukanda huohuo ikiwa ndani ya betri, na hurudi pwani ikiwa chakavu, baada ya kupita mikononi mwa wanunuzi wanaoimwaga asidi chini ili kupunguza uzito. Madhara yake yanafahamika. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwatia wakazi sumu ya risasi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Hitimisho

Betri za lithiamu na malipo ya kidogokidogo kwa simu vimebadilisha hali. Betri hizo hudumu zaidi na hazihitaji maji, na mnunuzi hahitaji fedha zote kwa mkupuo. Lakini asipolipa, kifaa hujifunga, na mkulima wa tumbaku wa Urambo hupata fedha kwa msimu, si kwa siku. Tatizo la akiba limehama tu: kutoka kwenye betri kwenda mfukoni.

Inapendekezwa kwamba kila mradi wa umeme wa jua uandike mambo manne pamoja na idadi ya paneli: tarehe ya kila betri, jina la cheo cha anayeitunza, fungu la kuibadilisha, na mahali itakapopelekwa ikifa. Bila kumbukumbu hizo, mtafiti wa baadaye atajua paneli ngapi zilifika Tabora, lakini hatajua ni usiku mngapi zahanati zilikuwa na mwanga.