Superman, Wonder Woman na Mabomu ya Kutegwa Ardhini: Kitabu cha Katuni cha 1998 Kikisomwa Kutoka Mpakani, Kibondo na Kasulu

Mwaka 1998 kampuni ya DC Comics ya Marekani ilitoa kitabu cha katuni kilichowakutanisha Superman na Wonder Woman katika kazi isiyo ya kawaida: kuwafundisha watoto wa Amerika ya Kati kujihadhari na mabomu ya kutegwa ardhini. Mashujaa hao wawili kuonekana pamoja halikuwa jambo geni. Kilichokuwa kigeni ni washirika waliosimama nyuma yao, yaani Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF) na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Ushirikiano wa aina hiyo ulikwisha kutoa kitabu cha Superman kwa watoto wa Bosnia mwaka 1996.

Katika hadithi za mashujaa wa ajabu, hatari huondolewa na shujaa mwenyewe. Kitabu hiki hakikuweza kufuata kanuni hiyo, kwa kuwa mtoto anayesubiri mwokozi kutoka angani anaweza kupoteza mguu au maisha. Kwa sababu hiyo, nguvu za Superman zilipaswa kupungua thamani ili maarifa ya mtoto yapande: kutambua alama za hatari, kutogusa kitu asichokijua na kumwarifu mtu mzima. Shujaa aligeuzwa kuwa mwalimu.

Hata hivyo, somo hilo lilikuwa na pengo. Mkataba wa Ottawa wa kupiga marufuku mabomu hayo ulitiwa saini Desemba 1997, na Marekani haikuutia saini. Wizara iliyoshiriki kumwonya mtoto ilikuwa ya dola iliyobakiza haki ya kuitumia silaha yenyewe. Mtoto alifundishwa mahali pa kukanyaga. Swali la nani hutega, na kwa amri ya nani, lilibaki nje ya kurasa.

Uzito wa swali hilo unaonekana vizuri zaidi katika nyanda za juu za Kigoma. Vita vya Burundi vilivyoanza mwaka 1993 viliwaleta wakimbizi wengi katika kambi za Kanembwa, Mtendeli, Nduta na Karago katika Kibondo ya wakati huo, na za Mtabila na Muyovosi wilayani Kasulu. Ng'ambo ya mpaka, mikoa ya Makamba, Rutana na Ruyigi ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotegwa mabomu. Kwa mkimbizi, njia ya kutorokea na njia ya kurudia nyumbani zilikuwa na hatari ileile.

Katika mazingira hayo, onyo lilihitaji sauti iliyo karibu. Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, ilitangaza kwa Kiswahili na Kirundi pia, lugha iliyo jirani sana na Kiha. Tofauti kati ya redio hiyo na kitabu cha katuni si ya chombo tu. Superman alishuka katika kijiji asichokijua; mtangazaji wa mpakani alizungumza lugha ya wasikilizaji wake. Ajabu ni kwamba Superman, kwa asili ya hadithi yake ya mwaka 1938, naye ni mtoto aliyetoroshwa kutoka ulimwengu unaoangamia akalelewa na wageni. Sifa hiyo ndiyo ingemkaribisha zaidi kambini kuliko uwezo wake wa kuruka.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Ottawa mwaka 2000, na Burundi mwaka 2003, wakati misafara ya kurejea kwa hiari ilikwisha kuanza. Hatua hizo zilifanya lile ambalo kitabu hakikuweza: zilielekeza wajibu kwa mtega bomu. Kitabu cha 1998 kinastahili heshima kwa kumwamini mtoto. Lakini historia ya mpaka huu inaonyesha kwamba uangalifu wa mtoto, hata ukifundishwa na mashujaa wawili, hauwezi kuchukua nafasi ya dola kuacha kutega.