Nyota wa Vichekesho Aliyekuwa Waziri Mkuu

Wana Ruangwa wamezoea kujivunia aliyekuwa mbunge wao hadi 2025, Kassim Majaliwa, aliyeteuliwa Waziri Mkuu mwaka 2015. Lakini kusini mwa Tanzania kulikuwa na Waziri Mkuu mwingine kabla yake, na huyo watu walianza kumcheka kwenye pazia la sinema.

Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa Songea (1926), alikuwa kijana wa ofisini serikali ya kikoloni ilipojaribu kutengeneza filamu za Kiswahili. Mwongozaji alikuwa Donald Swanson, aliyetokea Afrika Kusini. Katika *Muhogo Mchungu* (1952) Kawawa ni mshamba aliyeingia Dar es Salaam na kuzubaa: mji unamchezea, watazamaji wanavunjika mbavu. Wakati huohuo, hukuhuku kusini, Nachingwea, mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza ulikuwa umekwishaporomoka. Huo nao ulikuwa kichekesho, ingawa waliougharimia hawakucheka.

Kawawa hakukaa sana kwenye sinema. Aliingia vyama vya wafanyakazi, akaongoza shirikisho lao, na Januari 1962 akashika uwaziri mkuu wa Tanganyika baada ya Nyerere kujiuzulu. Wengi wanamjua kama Simba wa Vita. Alifariki Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2009.