Tochi kichwani au kwenye mtutu?

Wadau, nilikwenda Titye, kule Kasulu, kumsalimia babu. Kwenye boriti ya jikoni nikakuta vipande viwili vya mpira wa baiskeli vinaning'inia. Nikauliza vya nini. Basi bwana, nikapewa historia ambayo darasani sikuwahi kuisikia.

Zamani aliyelinda muhogo usiku dhidi ya nguruwe pori alitegemea mbalamwezi. David Misell alipata hataza ya tochi ya betri huko Marekani mwaka 1899. Tochi zilipofika vijijini, zikaja na swali: bunduki inataka mikono miwili, sasa tochi aishike nani?

Wengine walimpa mwenzao. Wengine waliifunga chini ya mtutu kwa mipira miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma ili isicheze. Kioo lazima kiwe mbele, la sivyo mtutu unakata mwanga. Halafu kuna mshtuko: bunduki ikilia, betri zinaruka kwenye springi na taa inaweza kuzimika.

Hilo halikuwa la Waha peke yao. Jim Corbett, mwindaji aliyezikwa Nyeri, Kenya, mwaka 1955, aliwahi kumvizia India chui wa Rudraprayag, aliyehesabiwa kuua watu 125. Usiku mmoja wa mwaka 1926 tochi ilimwonyesha chui vizuri, akafyatua, taa ikazimika papo hapo. Akabaki juu ya mti gizani, hajui kama amepata au amekosa. Kumbe alikuwa amemuua.

Babu naye alifunga chini ya mtutu. Bunduki yake ya marisau ilikuwa na kibali, shamba ni lake. Kisha ikaja Oktoba 1993. Tarehe 21 Rais Ndadaye aliuawa Burundi, na watu kwa maelfu wakavuka mpaka kuingia Kigoma, wengi wao usiku, kwa miguu.

Usiku mmoja majani yakatikisika shambani. Babu akanyoosha bunduki, akawasha. Ndani ya duara la mwanga alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni.

"Mjukuu wangu," aliniambia, "ili nimwone yule mama ilinibidi kwanza nimwelekezee bunduki."

Ndiyo hiyo kasoro, ndugu msomaji. Tochi ya kwenye mtutu haiwezi kuuliza "nani?" bila kutishia kuua. Asubuhi yake babu aliifungua mipira. Toka hapo tochi aliifunga kichwani kwa kitambaa. Mwanga uligonga mgongo wa mtutu ukamrudia machoni, na nguruwe wengi walimponyoka. Hakujali.

Siku hizi Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda usiku kwa taa bila kibali. Babu alijiwekea sheria yake mapema: macho yatangulie, mtutu ufuate.

Nilimwuliza kwa nini hajaitupa ile mipira. Akasema anapenda kuiona kila anapokula.