Igizo dhima katika usuluhishi wa migogoro

Igizo dhima ni mbinu ya kufundishia ambamo washiriki hupewa nafasi za watu waliomo katika mgogoro, kisha hutafuta mapatano wakiwa katika nafasi hizo. Tofauti na tamthilia, halina maneno yaliyoandikwa tayari wala halihitaji watazamaji. Hutumika katika mafunzo ya wanadiplomasia na wasuluhishi, na kwa wanafunzi wanaoigiza vikao vya Umoja wa Mataifa.

Nchini Tanzania mbinu hii ina undugu na sanaa za maonyesho kwa maendeleo, zilizokuzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wasomi kama Penina Muhando, mzaliwa wa Berega mkoani Morogoro.

Mfano wa Kilosa na Mikumi

Tarehe 8 Desemba 2000 wakulima 38 waliuawa na wafugaji katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa. Wakati wa kiangazi mifugo hupelekwa kwenye mabonde yenye maji, na mabonde hayohayo ndiyo yanayolimwa. Eneo lingine limechukuliwa na mashamba makubwa ya mkonge na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964.

Igizo kuhusu mgogoro wa aina hii linaweza kufuata muundo wa baraza la ardhi la kijiji, ambalo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 lina wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake. Mshiriki mmoja huwa mkulima ambaye mahindi yake yameliwa, mwingine mfugaji ambaye njia yake ya kwenda mtoni imelimwa. Kwa upande wa Mikumi huongezwa askari wa hifadhi, pamoja na mkulima anayesubiri kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na tembo. Katikati ya kikao washiriki hubadilishana viti. Hapo ndipo penye kazi: aliyekuwa akidai fidia sasa hutakiwa kueleza ng'ombe wapite wapi. Mwishoni wote huvua dhima zao na kujadili yaliyotokea. Hatua hii ikirukwa, igizo hubaki burudani tu.

Mipaka yake

Watafiti wa mgogoro wa Kilosa, akiwemo Tor A. Benjaminsen, wameonyesha mchango wa rushwa na wa sera zinazowabana wafugaji. Hayo hayaondolewi kwa kuelewana, na igizo linalofanya kila ugomvi uonekane ni kutosikilizana tu huwaonea wanyonge. Penye wafiwa, jina la kijiji na makabila hubadilishwa, wala mtu halazimishwi kuigiza muuaji.