Dakika 15 za Nairobi

Tarehe 31 Julai 1942, saa sita usiku, Nairobi iliruka dakika 15. Saa zote katika koloni la Kenya zilisogezwa mbele robo saa, kwa amri iliyotolewa chini ya kanuni za ulinzi za wakati wa vita. Aliyekuwa macho aliona saa sita kamili ikigeuka saa sita na robo, basi. Tangu usiku ule hatujazigusa tena. Saa unayoiona kwenye simu yako sasa hivi, ile iliyo saa tatu mbele ya Greenwich, ndiyo ile ya Agosti 1942.

Lakini hadi mwaka wa 2020, kompyuta nyingi duniani hazikuujua usiku huo. Ungeziuliza, zingekuambia Nairobi ilifika kwenye saa hizi mwaka wa 1960.

Kazi yangu ni kutunza hifadhidata, na kwa hiyo kuna faili fulani ambalo nalijua kuliko ninavyojua baadhi ya majirani zangu. Watu wengi hudhani simu inajua saa kwa sababu ya setilaiti au mnara wa mtandao. Ni kweli, mnara unaweza kuiambia simu saa ya sasa. Lakini jaribu kuiuliza swali gumu kidogo: dada yako aliye London akikwambia mtazungumza Machi 30 saa nne asubuhi ya kwao, huku itakuwa saa ngapi? Uingereza husogeza saa mbele Machi na kuzirudisha Oktoba. Mnara wa mtaani kwenu haujui hayo. Simu inalazimika kufungua orodha iliyoandikwa na binadamu.

Orodha hiyo huitwa tz. Ilianza miaka ya 1980 mikononi mwa Arthur David Olson, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi za taifa za afya za Marekani. Baadaye Paul Eggert wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akawa mhariri wake. Hawakuajiriwa kuifanya. Ilikuwa kazi ya kujitolea, na watu kutoka kila pembe walikuwa wakiwaandikia: huku kwetu serikali imebadilisha saa, rekebisheni. Leo orodha hiyo imo ndani ya Linux, Android, simu za Apple, Java, PostgreSQL na mifumo mingine mingi. Benki, ndege, hospitali, wote wanaitegemea, na wengi wao hawajawahi kuisikia.

Ukilifungua faili lenyewe utashangaa jinsi lilivyo la kawaida. Ni maandishi matupu. Kuna faili la Afrika, la Asia, la Ulaya, na kadhalika. Kila eneo limepewa jina la mji wake mkubwa, kwa sababu mataifa huzaliwa, hufa na kubadilisha majina, lakini miji hudumu zaidi. Sisi ni Africa/Nairobi. Na chini ya jina hilo kuna mistari sita tu, ambayo kwangu ni historia fupi ya ukoloni isiyo na porojo.

Mstari wa kwanza unasema Nairobi ilikuwa saa 2, dakika 27 na sekunde 16 mbele ya Greenwich. Hiyo ni saa ya jua lenyewe, kabla ya sheria. Kila mji ulikuwa na adhuhuri yake: jua hupita juu ya Mombasa takriban dakika 20 kabla ya kufika juu ya Kisumu. Reli ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, miji hiyo miwili iliunganishwa na treni moja, ila haikuwa na adhuhuri moja.

Mwaka wa 1908, mwezi Mei, serikali ya Himaya ya Afrika Mashariki ikaweka saa moja kwa wote: saa mbili na nusu mbele ya Greenwich. Juni 30, 1928, usiku, wakasogeza nusu saa mbele, tukawa saa tatu kamili. Januari 4, 1930, usiku, wakairudisha ileile nusu saa. Mwaka wa 1936 ulipoisha wakaongeza robo, tukawa saa mbili na dakika 45. Halafu Julai 1942 wakaongeza robo ya mwisho. Hesabu mwenyewe: mabadiliko matano katika miaka 34. Na Mwafrika hakuwa na kura katika hata moja.

Matokeo yake tunaishi nayo. Saa tatu kamili mbele ya Greenwich ni adhuhuri ya longitudo 45, inayopita karibu na Mogadishu. Kwa hiyo kwa saa zetu za kisheria, sisi wa Nairobi tunatumia jua la Mogadishu. Ndiyo maana jua la Nairobi hufika utosini saa sita na nusu hivi, si saa sita.

Kuna jambo moja ambalo orodha hiyo haiwezi kulibeba. Mswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na saa mbili asubuhi ni ile ambayo simu huiandika 8:00. Hilo si suala la ukanda wa saa. Ni namna ya kuhesabu, na hakuna mstari wa kulieleza kompyuta. Wahariri wanalijua lakini. Katika sehemu ya Ethiopia wameacha maelezo kwamba Waethiopia wengi, kama Waswahili wa Kenya na Tanzania, huhesabu saa 12 kuanzia alfajiri, kwa hiyo uwe mwangalifu ukiuliza saa kwa Kiamhari. Nilicheka nilipoyasoma. Lakini maelezo hayo ni ya macho ya binadamu tu. Programu huyaruka.

Sasa turudi kwenye lile kosa la 1942. Lilitoka wapi?

Kwa miaka ya nyuma, na hasa kwa nchi kama zetu, wahariri walitegemea atlasi moja iliyotungwa na Mmarekani Thomas G. Shanks. Atlasi hiyo haikuandikwa kwa ajili ya wanahistoria wala wahandisi. Iliandikwa kwa ajili ya wanajimu. Mpiga nyota akitaka kukuchorea nyota yako anahitaji saa kamili uliyozaliwa na mahali, kwa hiyo lazima ajue saa za kila mji zilikuwa vipi mwaka ule. Shanks alikusanya mji baada ya mji, nchi baada ya nchi. Ilikuwa kazi kubwa ajabu, ila haikutaja vyanzo vyake, na wahariri wa tz wenyewe waliandika wazi ndani ya faili kwamba ina makosa mengi. Walitumia walichokuwa nacho.

Atlasi hiyohiyo nusura iizamishe orodha yote. Septemba 30, 2011, kampuni ya programu za unajimu iitwayo Astrolabe, iliyodai kumiliki haki za atlasi hiyo, iliwashtaki Olson na Eggert mahakamani Marekani. Oktoba 6, Olson akaifunga hazina ya mafaili. Fikiria hilo: orodha ambayo nusu ya dunia inaitegemea imefungwa, na huo ndio msimu ambao nchi nyingi hurudisha saa nyuma. Oktoba 14, shirika la ICANN, linalosimamia majina ya intaneti, likaichukua chini ya ulinzi wake. Februari 2012 Astrolabe wakaondoa kesi na kuomba radhi. Hoja iliyowashinda ni rahisi: kwamba Nairobi ilikuwa saa fulani mwaka fulani ni ukweli wa historia, na ukweli hauna mwenyewe.

Sawa, hauna mwenyewe. Lakini unahitaji mtu wa kuuthibitisha. Atlasi ilidai kwamba Nairobi ilitumia saa ya jua lake hadi 1928, ikakosa miaka 20 mizima ya sheria ya 1908. Ilidai kwamba robo saa ya kwanza iliongezwa 1940, na ya mwisho 1960. Kwa hiyo kuanzia Agosti 1942, kwa zaidi ya miaka 17, kila tukio la Kenya lilikokotolewa na kompyuta kwa kosa la dakika 15.

Utasema, dakika 15 ni nini? Chukua Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 20, 1952. Tuseme una telegramu iliyotumwa Nairobi saa tatu usiku siku hiyo na kupokelewa London dakika 10 baadaye. Ukiziingiza saa hizo mbili kwenye hifadhidata yenye kosa lile, kompyuta itakuapia kwamba London ilijibiwa kabla Nairobi haijasema: telegramu imepokelewa dakika tano kabla ya kutumwa. Na siku hizi, nyaraka za enzi ile zinapoingizwa kwenye kompyuta kwa maelfu, nani alijua nini na lini si swali dogo. Kuna wazee waliokwenda mahakamani London wakidai haki kwa mateso ya miaka ile, na kesi kama hizo husimama au huanguka kwa karatasi na tarehe.

Kosa lilirekebishwa mwaka wa 2020 kwa njia ya kizamani kabisa. Mchangiaji mmoja alifungua Gazeti Rasmi la Serikali, lile lenye matangazo ya ardhi na uteuzi ambalo hakuna anayelisoma kwa raha, akafuata sheria za kubadilisha saa moja baada ya nyingine: 1908, 1928, 1929, 1936, 1942. Akawaandikia wahariri, na kurasa zenyewe akawaonyesha. Mistari ya Africa/Nairobi ikaandikwa upya. Ushahidi ulikuwa umelala kwenye makabati na kwenye intaneti miaka hiyo yote. Kumbe hatukukosa kumbukumbu. Tulikosa msomaji.

Na jambo hilo si la zamani tu, kwa sababu serikali bado zinacheza na saa. Mwaka wa 2018 Morocco ilitangaza siku ya Ijumaa, Oktoba 26, kwamba saa hazitarudishwa nyuma Jumapili ile kama ilivyopangwa. Siku mbili! Toleo jipya la orodha lilitoka Ijumaa hiyohiyo. Leo mistari ya Morocco imebeba hata makadirio ya Ramadhani hadi mwaka wa 2087, kwa kuwa nchi hiyo hurudisha saa nyuma mwezi huo.

Lebanon walifanya zaidi. Machi 23, 2023, waziri mkuu aliahirisha mabadiliko ya saa hadi mwisho wa Ramadhani, siku mbili tu kabla ya wikendi yake. Wahariri wakatoa toleo siku hiyo. Kanisa la Maronite likakataa, na baadhi ya vyombo vya habari na shule vikakataa. Jumapili nchi moja ikaamka na saa mbili. Jumatatu serikali ikabatilisha uamuzi wake, na Jumanne wahariri wakatoa toleo jingine lililofuta lile la kwanza. Nenda uangalie leo: kwenye orodha, Lebanon ilibadilisha saa kawaida tu, Machi 26, kana kwamba amri ile haikuwahi kuwako. Siku ambazo watu waliulizana kwa ukali "saa yako ni ya nani?" hazimo.

Karibu zaidi na kwetu, Sudan Kusini iliacha saa zetu Februari 1, 2021, ikarudi saa moja nyuma. Orodha ilipata toleo lake Januari 24. Dereva wa lori anayevuka Nadapal kwenda Juba hurudisha saa yake kwa kidole. Kompyuta ya ofisi iliyomtuma inategemea kama kuna mtu aliyeisasisha.

Hapo ndipo kazi yangu ilipo. Seva moja inaweza kuwa na nakala tatu za orodha hii: ya Linux, ya Java, na ya hifadhidata yenyewe. Java hubeba nakala yake. MySQL haijui jina la mji wowote mpaka uijazie majedwali. Ukisasisha moja na kuziacha nyingine, zitabishana kimyakimya na mteja ndiye atakayegundua. Kanuni ninayoishika ni hii: jambo lililokwisha kutokea, lihifadhi kwa saa ya Greenwich. Jambo lijalo, kama miadi ya Juni ijayo, hifadhi saa ya ukutani pamoja na jina la mji, kwa sababu kati ya leo na Juni waziri fulani anaweza kuamka na wazo.

Kenya haijabadilisha saa kwa miaka zaidi ya 80, kwa hiyo ni rahisi kuona haya yote ni shida za watu wengine. Lakini angalia majirani walioandikwa chini yetu. Orodha huunganisha maeneo ambayo saa zake zimelingana tangu 1970, na kwa sheria hiyo Dar es Salaam na Kampala leo ni majina tu yanayoelekeza kwa Nairobi. Ukiuliza kompyuta ya kawaida saa za Dar mwaka wa 1935, inakupa za Nairobi. Historia yao ya zamani imewekwa kwenye faili la kando, ambalo mifumo mingi hailitumii. Humo mstari wa Dar es Salaam unadai kwamba mji ule ulitumia saa ya jua lake hadi 1931. Mimi nautilia shaka, kwa sababu mstari wa Nairobi nao ulidai hivyohivyo hadi 1928, na ukakutwa umekosea kwa miaka 20.

Magazeti rasmi ya Tanganyika na Uganda yalichapishwa, kama yetu. Anwani ya kutuma masahihisho iko wazi kwa yeyote, bila ada na bila cheti. Kinachotakiwa ni tarehe, nambari ya ukurasa, na mtu mwenye subira ya kuketi na matangazo ya ardhi alasiri nzima.