Mto wa sufi usilowekwe majini

Katika nyumba nyingi za mjini foronya hufuliwa pamoja na shuka kila wiki, lakini mto wenyewe hukaa miaka bila kuguswa. Ndani yake hujikusanya jasho, mate, mafuta ya nywele na chembe za ngozi, ambazo ni chakula cha utitiri wa vumbi, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Kinyesi chao ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha pumu na mafua ya mzio.

Kabla ya kuuloweka mto, kwanza ijulikane umejazwa nini. Mto wa sufi, ambao bado una wapenzi wake Pwani, haufai kutumbukizwa majini. Uzi wa sufi una uwazi ndani na nta kwa nje. Ndiyo maana zamani ulijazwa katika majaketi ya kuokolea maisha baharini. Maji yakishapenya hadi katikati ya mto hayatoki kwa urahisi, sufi hugandamana kuwa mabonge, na ukungu huota. Mto wa namna hiyo ni wa hatari kuliko ulivyokuwa mchafu, hasa kwa mtoto mwenye pumu.

Kinachotakiwa ni kuuanika juani kutwa, ukigeuzwa na kupigwapigwa, kisha kuuingiza ndani kabla ya umande. Ukizidi kuwa mgumu, mshono hufumuliwa, sufi ikachambuliwa na kuanikwa juu ya mkeka mahali pasipo upepo, na mfuko wake ukafuliwa peke yake. Anayechambua afunike pua na mdomo, kwani vumbi la sufi hukera mapafu.

Mto wa poliesta, kinyume chake, hufulika. Iwapo lebo inaruhusu, maji ya nyuzijoto 60 huua utitiri. Usuuzwe vizuri na ukamuliwe kwa kukandamizwa, si kwa kusokotwa. Kwa Dar es Salaam, kazi hiyo ni heri ifanyike kabla ya masika ya Machi hadi Mei, maana mto uliokauka juu tu bado una maji ndani.

Sponji haitaki jua kali, ambalo huigeuza njano na kuimegua; yatosha kuifuta kwa kitambaa chenye sabuni kidogo na kuikausha kivulini penye hewa.

Mto wa poliesta ukikunjwa katikati na usikunjuke wenyewe, hapo hauhitaji tena sabuni bali kubadilishwa.