Machungwa: Yanakotoka, yanavyopata bei na ugonjwa unaoyanyemelea

MACHUNGWA yanayouzwa kando ya Barabara ya Jogoo, katika eneo la mitaa ya Makongeni, Mbotela na Kaloleni jijini Nairobi, hutoka katika vyanzo vinne vikuu: mashamba ya Makueni na kaunti jirani za Ukambani, Pwani ya Kenya, mkoa wa Tanga nchini Tanzania, na ng'ambo, hasa Misri na Afrika Kusini. Makongeni, mtaa uliojengwa enzi ya ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, haujawahi kuwa na mchungwa wa kutajika. Hata hivyo, yeyote atakaye kuelewa biashara ya tunda hili ulimwenguni anaweza kuanzia papo hapo, kwenye mkokoteni wa mchuuzi, kwani karibu kila nguvu inayopandisha au kushusha bei huishia hapo.

Mnunuzi wa kawaida huyatenga machungwa hayo kwa rangi tu. La manjano ni la ng'ambo, la kijani ni letu. Wengi huongeza hukumu ya pili, kwamba la manjano limeiva na la kijani halijakomaa. Hukumu hiyo si sahihi.

Ganda la chungwa huwa kijani kutokana na klorofili, ile chembechembe inayoyapa majani rangi yake. Ili klorofili hiyo ififie, tunda likiwa bado mtini, huhitaji majira yenye usiku wa baridi. Delta ya Nile hupata baridi hiyo, na vivyo hivyo mabonde ya Limpopo na ya Rasi ya Mashariki nchini Afrika Kusini. Muheza na Kwale hazipati. Chungwa la huko laweza kujaa maji na sukari ilhali ganda limebaki kijani kibichi. Isitoshe, wafanyabiashara wa nchi zinazouza nje huyaweka matunda katika vyumba vyenye gesi ya ethilini, ile ile inayotumiwa kuivisha ndizi, ili rangi ya kijani iishe kabisa, kisha huyapaka nta yang'ae. Mkulima wa Makueni, ambaye hana chumba wala gesi, hupoteza shilingi kadhaa kwa kila kilo kwa kosa la hali ya hewa.

Lakini rangi hiyo hiyo ya kijani huwafaa madalali wasio waaminifu. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kulitambua bivu kwa macho, matunda machanga huchumwa mapema bei inapokuwa nzuri na kuchanganywa na yaliyokomaa. Njia ya kuaminika zaidi ni uzito: chungwa lililokomaa ni zito kuliko ukubwa wake unavyodokeza.

Hapa inafaa kutenganisha majina, jambo ambalo humchosha mhariri yeyote wa Kiswahili. Chungwa ni tunda tamu tulijualo sote. Danzi ni lile chungu. Chenza humenyeka kwa urahisi na vipande vyake huachana bila taabu. Balungi ni kubwa kupita yote. Ndimu ni dogo, la mviringo na lenye ganda jembamba, ilhali limau lina ncha na ganda nene. Bara wengi huyaita yote mawili malimau. Matunda haya yote ni ya jamii moja ambayo asili yake ni kusini na kusini mashariki mwa Asia, na maradhi yake ni yale yale.

Msimu na mipaka

Katika Ukambani michungwa huchanua baada ya mvua, na mvua ni mbili. Ya vuli, kati ya Oktoba na Desemba, ndiyo ya kutegemewa zaidi. Tunda huchukua miezi saba hadi kumi na miwili, au hata zaidi, kukomaa, kutegemea aina yake na joto la mahali. Aina kongwe ni Washington, lenye kitovu chini na lisilo na mbegu, na Valencia, ambalo huchelewa kuiva lakini lina maji mengi. Katika miaka ya karibuni wakulima wengi wa Makueni wamepanda Pixie, aina ya chenza iliyotolewa na Chuo Kikuu cha California mwaka wa 1965. Halina mbegu, humenyeka upesi, na hupata bei kuliko chungwa la kawaida.

Mvua ya vuli ikikosekana, pengo huonekana Nairobi mwaka unaofuata. Hapo ndipo Tanga huokoa jahazi. Wilaya ya Muheza inasifika kwa machungwa, na wanunuzi kutoka Kenya huenda hadi mashambani, hukadiria matunda yakiwa bado mtini, kisha huyasafirisha kwa malori kupitia Horohoro na Lunga Lunga. Tangu Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uanze mwaka wa 2005, mazao ya nchi wanachama huvuka bila ushuru mradi yana cheti cha uasilia. Mfanyabiashara mdogo mwenye shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani huweza kupata cheti kilichorahisishwa mpakani.

Machungwa ya Misri nayo huingia kwa mlango mwingine. Misri na Kenya zilikuwa miongoni mwa nchi tisa zilizoanzisha eneo la biashara huria la COMESA mnamo Oktoba 31, 2000, na kwa hiyo matunda ya Nile hayatozwi ushuru wa forodha. Afrika Kusini si mwanachama wa COMESA. Matunda yake hulipiwa ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, ambao kwa bidhaa zilizo tayari kutumiwa ulikuwa asilimia 25 kabla ya kundi jipya la asilimia 35 kuongezwa mwaka wa 2022.

Misri huvuna kati ya Desemba na Mei, na Afrika Kusini huanza Misri inapomaliza, hadi Oktoba hivi. Mbili hizo hupokezana, na ndiyo sababu rafu za supamaketi za Nairobi hazikosi chungwa la manjano mwezi wowote. Kwa mchuuzi wa Barabara ya Jogoo, tunda hilo la ng'ambo ni kama dari: la Makueni laweza kupanda bei, lakini likilikaribia sana lile la manjano, mteja huhama.

Marikiti hadi mtaani

Sehemu kubwa ya machungwa ya Eastlands hupitia soko la Wakulima, maarufu kama Marikiti, lililojengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya jiji dogo mno kuliko hili la leo. Malori huwasili usiku. Kufikia alfajiri mzigo umegawanywa, na wachuuzi wameshaupeleka mitaani kwa mikokoteni na matatu. Kati ya shamba na mlaji huwa kuna dalali wa kijijini, mwenye lori, dalali wa sokoni na mchuuzi. Kila mmoja huchukua chake, lakini si wote huchukua faida; wengine hufidia hasara.

Hasara kubwa ni kuoza. Tuchukue mfano wa kufikirika: mchuuzi akinunua machungwa 100 kwa shilingi 800, kisha 15 yakaharibika, yale 85 yaliyobaki yamemgharimu zaidi ya shilingi tisa kila moja, wala si nane. Mkulima naye huumizwa na lumbesa, lile gunia lililoongezwa kilemba ambalo hulipwa kama gunia la kawaida.

Nje ya msimu na mafuta ya lori, kuna pia mitikisiko ya ghafla. Janga la Covid-19 lilipoingia mwaka wa 2020, malimau yaliadimika na kupanda bei Nairobi kwa sababu kila nyumba ilikuwa ikichemsha limau na tangawizi.

Soko la dunia

Dunia huvuna takriban tani milioni 45 hadi 50 za machungwa kwa mwaka. Brazil inaongoza, na sehemu kubwa ya mavuno yake hukamuliwa. Nchi hiyo pekee hutoa zaidi ya theluthi mbili ya juisi ya machungwa inayouzwa baina ya mataifa. Katika biashara ya matunda mabichi, wakubwa ni Misri, Afrika Kusini na Uhispania. Afrika Kusini iliuza nje zaidi ya masanduku milioni 200 ya kilo 15 ya matunda ya jamii hii mwaka wa 2025, licha ya mvutano wa miaka mingi na Umoja wa Ulaya kuhusu ugonjwa wa madoa meusi na viwavi vya nondo wanaotoboa tunda, mvutano ambao Pretoria iliufikisha mbele ya Shirika la Biashara Duniani mwaka wa 2022 na wa 2024.

Juisi ina bei yake, ambayo hupangwa New York kwa ratili. Mwishoni mwa mwaka wa 2024 bei hiyo ilivuka dola tano, kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kufikiwa, na katika mwaka wa 2025 ikaporomoka hadi chini ya nusu. Chungwa bichi la Makongeni halikutikisika kwa hilo, maana halikamuliwi kiwandani. Kilichotikisika ni juisi ya pakiti inayotengenezwa kwa kuongeza maji katika juisi nzito iliyoagizwa nje.

Hata hivyo, sababu ya mtikisiko ule inatuhusu sana.

Mwaka wa 1997 hadi 1998 jimbo la Florida nchini Marekani lilivuna masanduku milioni 244 ya machungwa, kila moja kilo 41 hivi. Msimu wa 2024 hadi 2025 lilivuna takriban milioni 12. Vimbunga vilichangia, na ujenzi wa nyumba pia, lakini mharibifu mkuu ni ugonjwa uliothibitishwa huko mwaka wa 2005. Wachina waliuita huanglongbing, yaani ugonjwa wa chipukizi la manjano. Huletwa na bakteria wanaoziba mishipa inayopitisha chakula cha mti. Majani hupata mabaka ya manjano yasiyolingana pande mbili za jani, matunda huwa madogo, yaliyopinda na machungu, na mara nyingi hubaki kijani upande wa chini. Mti hufifia kwa miaka kadhaa kisha hufa. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Nchini Brazil uligunduliwa mwaka wa 2004, na kufikia 2024 zaidi ya asilimia 44 ya michungwa katika ukanda mkuu wa kilimo hicho ilikuwa na dalili zake.

Ngao ya joto

Afrika ina aina yake ya ugonjwa huu, na tumeishi nayo kwa miongo mingi. Bakteria wa Kiafrika, pamoja na mdudu mdogo anayefyonza utomvu na kuwaeneza, hawavumilii joto. Wameitesa michungwa ya nyanda za juu zenye ubaridi, nchini Kenya na kwingineko, na kuyaacha mabonde ya chini. Ramani ya machungwa ya Afrika Mashariki ilichorwa hivyo kwa kiasi kikubwa: Makueni ya chini, ukanda wa Mto Tana, Kwale, Kilifi na Muheza ni mahali ambapo joto limekuwa ngao. Mdudu huyo wa Kiafrika sasa anahofiwa hata Ulaya, baada ya kuonekana kaskazini magharibi mwa Uhispania mwaka wa 2014.

Aina ya Kiasia, ndiyo iliyoiangamiza Florida, hustahimili joto. Mdudu wake ana urefu wa milimita tatu au nne na hupenda machipukizi mapya. Mwaka wa 2016 watafiti walitangaza kwamba ameonekana Morogoro, Tanzania. Mwaka wa 2017 wanasayansi wakiwemo wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, kilichoko Kasarani, Nairobi, walitoa taarifa kwamba amefika pia Pwani ya Kenya. Kisha mwaka wa 2020 ikachapishwa taarifa ya kwanza ya bakteria wenyewe wa Kiasia kupatikana nchini Kenya, huko huko Pwani.

Taarifa hiyo ilitokea mwaka ambao taifa lilikuwa likihesabu wagonjwa wa corona, na haikupata nafasi magazetini iliyostahili. Maana yake ni kwamba ngao ya joto imetobolewa. Kutoka Kwale hadi Muheza ni mwendo wa saa chache kwa lori, na barabara inayoyaleta machungwa Nairobi ndiyo inayoweza kuibeba miche.

Miche ndiyo hatari kubwa kuliko matunda. Mdudu husafiri umbali mfupi kwa mbawa zake, lakini mche ulioambukizwa waweza kuvuka kaunti tatu kwa siku moja ukiwa bado hauna dalili, kwa sababu dalili huchukua miezi hadi miaka kujitokeza. Wapandikizaji wengi huchukua kikonyo kutoka mti wowote unaozaa vizuri na kukiunga kwenye shina la mlimau. Ikiwa mti ule mzazi una bakteria, mche utakaotokana nao waweza kuwa nao pia. Mdudu huyo huishi vilevile kwenye mti ambao majani yake hutiwa katika mchuzi na wapishi wa Kihindi, mti unaopatikana katika nyua nyingi za Mombasa.

Shirika la KEPHIS, lililoanzishwa mwaka wa 1996, ndilo lenye mamlaka ya kukagua mimea nchini Kenya, na Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, lina kituo Mtwapa kwa ajili ya mazao ya Pwani. Kwa mkulima, hatua zinazofanya kazi ni chache na za gharama: kununua miche kutoka vitalu vilivyosajiliwa, kuchunguza machipukizi baada ya kila mvua, na kung'oa mti wenye ugonjwa mara moja, hata kama bado unazaa. Hilo la mwisho ndilo gumu. Mti mgonjwa huendelea kutoa matunda kiasi kwa misimu kadhaa, na mwenye karo ya kulipa haoni sababu ya kuukata, ilhali kila siku unaobaki wima huwalisha wadudu watakaouhamishia mti wa jirani.

Mche uliopandikizwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, na hufikia nguvu zake kamili baadaye zaidi. Shamba likianza upya Makueni kwenye mvua ya vuli ijayo, matunda yake ya kwanza hayatafika Barabara ya Jogoo kabla ya muda huo kupita.